Mwongozo Kamili wa Kuandaa Igizo la Wanafunzi wa Sekondari: Kuanzia Skripti hadi Pazia Kufungwa

Walimu wenzangu huniuliza swali hili kuliko mengine yote: "Mazoezini walikuwa wanafanya vizuri, imekuwaje siku yenyewe kila kitu kikaharibika?"

Nimeketi katika kumbi nyingi za shule nikaliona jambo hilo likitokea. Mwanafunzi anaigiza kwa moyo wake wote, onyesho (sehemu moja ya igizo) linakwisha, taa zinazimwa. Viti vinaburutwa gizani kwa dakika mbili nzima. Hadhira inaanza kupiga soga. Taa zinapowaka tena, onyesho linalofuata linawakuta watu wameshatoka mchezoni, na lawama zote zinawaangukia waigizaji.

Waigizaji hawana kosa. Wiki saba zimetumika kusoma mistari, na yale yanayoifanya mistari hiyo isikike na kuonekana yamerundikwa kwenye siku tatu za mwisho: sauti, mwendo, vifaa, taa, kubadili maonyesho. Mwongozo huu unaipanga upya kazi hiyo. Nimeupimia igizo la dakika 45, waigizaji 10 hadi 15, na wiki 8 za mazoezi.

## Andaa hivi kwanza

- Skripti moja kwa kila mwigizaji, iliyochapwa upande mmoja wa karatasi ili upande wa pili ubaki wa kuandikia
- Faili ya pete kwa ajili ya msimamizi wa jukwaa, yaani mwanafunzi anayetoa ishara na kuongoza kila kitu siku ya igizo
- Penseli na vifutio (kalamu ya wino ipigwe marufuku kwenye skripti)
- Tepu ya kupimia, chaki, na utepe wa kubandika sakafuni wa rangi mbili au tatu
- Saa inayohesabu sekunde. Ya simu inatosha
- Meza mbili, moja kila upande wa jukwaa, za kuwekea vifaa vya waigizaji
- Tochi ndogo zilizofunikwa kwa karatasi ya plastiki ya bluu, za kutumia nyuma ya pazia
- Nguo nyeusi na viatu visivyo na kishindo kwa wanaohamisha vitu jukwaani
- Sanduku la huduma ya kwanza na maji ya kunywa

Hakuna taa za jukwaani kwenye orodha hii. Igizo linaweza kufana bila taa maalumu. Bila msimamizi wa jukwaa mwenye faili yake, hakuna litakalokwenda sawa.

## Hatua ya 1: Panga kalenda ukianzia mwisho

Andika tarehe ya igizo chini kabisa ya karatasi, kisha panda juu. Siku ya mwisho kabla ya igizo ni ya mazoezi kamili na maleba, yaani mavazi ya waigizaji. Siku mbili kabla ya hiyo ni za taa, sauti na mapambo. Mwisho wa wiki ya 4, hakuna mwigizaji anayeshika karatasi. Mwisho wa wiki ya 3, kila mtu anajua anasimama wapi na anaingilia wapi.

Mazoezi manne kwa wiki, ya dakika 90 kila moja, kwa wiki 8, yanakupa saa 48. Hiyo ni takriban saa moja ya mazoezi kwa kila dakika ya jukwaani, na ndicho kipimo ninachokitumia. Ukiwa na saa 25 tu, usiwakimbize wanafunzi. Fupisha igizo.

Toa siku za mitihani na michezo mapema. Kalenda inayojifanya kwamba siku hizo hazipo itakuangusha wiki ya 6.

Utajua umefaulu pale ambapo kila mwanafunzi anaweza kukuambia, bila kutazama, siku ya kuachana na karatasi.

## Hatua ya 2: Chagua skripti inayolingana na watu ulio nao

Hesabu wanafunzi walioahidi kuja. Hesabu wahusika. Kisha hesabu kitu ambacho wengi hawakihesabu: igizo linabadilisha mahali mara ngapi. Skripti yenye maonyesho tisa katika sehemu tisa ni skripti yenye mianya minane ya giza. Kila mwanya ukichukua dakika moja, umewakalisha watu gizani dakika nane kati ya 45. Chagua igizo lenye sehemu mbili au tatu, au lile ambalo benchi moja linaweza kuwa kituo cha basi, kitanda na kizimba cha mahakama.

Isome skripti kwa sauti mbele ya saa. Usikadirie muda kwa idadi ya kurasa, kwa sababu ukurasa wa majibizano mafupi hukimbia na ukurasa wa vitendo hukokota.

Kuhusu haki za mwandishi, usipite kimya. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa haki za waandishi, unaweka ulinzi usiopungua miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na nchi nyingi zimefika 70. Shakespeare alifariki mwaka 1616, kwa hiyo tamthilia zake ni mali ya wote, lakini tafsiri ina haki zake yenyewe. Tafsiri za Kiswahili alizofanya Julius Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, bado zinalindwa. Mwandikie mchapishaji kuomba ruhusa kabla ya mazoezi ya kwanza. Ukitaka kupunguza au kubadili maneno, liombe hilo pia katika barua hiyohiyo.

## Hatua ya 3: Gawa nafasi

Katika majaribio ya kuchagua waigizaji, usimsikilize mtu mara moja tu. Mpe ukurasa asome, kisha mwambie: "Soma tena, safari hii unaogopa kwamba kuna mtu nje anasikiliza." Atakayesoma vilevile mara ya pili, hata kama sauti yake ni ya dhahabu, atakusumbua wiki nane. Atakayebadilika, hata kwa kukosea, anafundishika.

Usigawe nafasi kwa alama za darasani, wala kwa nani anayechekesha marafiki zake. Na kila mhusika mkuu awe na mtu wa akiba anayehudhuria mazoezi na kujifunza mistari, kwa sababu malaria na homa haziheshimu kalenda.

Mchague msimamizi wa jukwaa siku hiyohiyo, kabla hata ya waigizaji. Tafuta mwanafunzi anayefika mapema, mwandiko wake unasomeka, na haogopi kumwambia mkubwa wake "nyamaza". Usimpe kazi hii aliyekosa nafasi ya kuigiza kama zawadi ya kumfariji. Siku ya igizo, mwanafunzi huyu ndiye anayeongoza, na wewe mwalimu unakaa chini.

## Hatua ya 4: Someni mkiwa mmekaa, vikao viwili tu

Kikao cha kwanza, someni igizo zima bila kukatizana. Kikao cha pili, tueni kwenye kila onyesho na kuuliza: huyu anataka nini kwa yule, na nini kinamzuia?

Majibu yawe vitendo. "Nina huzuni" si jibu linaloigizika. "Namwomba", "namtisha", "namchelewesha asiingie ndani" yanaigizika. Chukua neno moja, "Umerudi." Mwanafunzi alitamke kwa kumkaribisha mtu. Kisha kwa kumshtaki. Kisha kwa kuhakikisha kwamba anayemwona si mzimu. Mabega yatabadilika bila wewe kugusa chochote, na darasa zima litaona.

Usikae mezani kikao cha tatu. Wanafunzi wanaozoea kuigiza wakiwa wamekaa huja jukwaani na miili ya watu waliokaa.

## Hatua ya 5: Chora jukwaa na upange mwendo

Pima jukwaa halisi, kisha lichore kwa utepe sakafuni mahali mnapofanyia mazoezi, kwa vipimo vilevile. Weka alama ya kila mlango, meza na kiti. Wanaofanya mazoezi kwenye uwanja mpana hujikuta wakigongana siku ya kwanza jukwaani.

Kulia na kushoto ni kwa mwigizaji anayeitazama hadhira, wala si kwa mwalimu aliyekaa mbele. Kubalianeni vifupisho: KL kulia, KS kushoto, KT katikati, MB mbele karibu na hadhira, NY nyuma. Kila mwigizaji aandike mwendo wake kwa penseli pembeni mwa mstari: "vuka hadi KS MB". Msimamizi anaandika wa wote.

Makosa matatu hujirudia kila mwaka. Kwanza, waigizaji kujipanga mstari mmoja kama gwaride. Vunja mstari huo kwa kumketisha mmoja na kumsogeza mwingine nyuma. Pili, kutembea bila sababu. Mtu asisogee mpaka aseme anakwenda kufuata nini. Tatu, anayesema kumgeukia anayemsikiliza aliyesimama sehemu ya nyuma jukwaani, akajikuta ameipa hadhira kisogo.

Onyesho likipangwa, kaa kwenye kiti cha pembeni kabisa cha safu ya mbele, kisha cha upande wa pili, kisha cha nyuma. Usichokiona wewe, hadhira haitakiona.

## Hatua ya 6: Achaneni na karatasi

Hapa ndipo maigizo mengi ya shule hufia, kwa sababu tarehe husogezwa. Usiisogeze.

Kukariri kwa kusoma kimya kitandani hakutoshi. Mwanafunzi anayekariri hivyo anaujua mstari wake, hajui unakuja baada ya nini. Mfundishe kukariri maneno ya mwisho ya mwenzake pamoja na yake, kwa kuwa hayo ndiyo ishara yake. Afunike mstari wake kwa karatasi, asome wa mwenzake kwa sauti, ajibu, kisha afunue. Aifanye kazi hii huku akitembea mwendo aliopangiwa. Mwili hukumbuka pale ulimi unaposahau.

Kuanzia tarehe hiyo, mwigizaji akikwama asiombe radhi, asicheke, asitoke ndani ya mhusika. Aseme neno moja tu: "Mstari!" Msimamizi anamsomea maneno matatu ya kwanza, na kazi inaendelea. Vikao viwili vya mwanzo vitakuwa vya maumivu matupu. Msirudi kwenye karatasi.

Wiki ya 6, hata msaada huo unakoma. Wakikwama wajiokoe wenyewe, mmoja amuulize mwenziwe swali litakalomrudisha njiani, kama watakavyolazimika kufanya mbele ya watu.

Utajua umefaulu wakiweza kusema onyesho zima kwa kasi maradufu, wakiwa wanarushiana mpira, bila kusimama.

## Hatua ya 7: Sauti ifike safu ya mwisho

Mwalimu akimwambia mtoto "ongeza sauti", mtoto hupiga kelele kutoka kooni. Siku ya tatu amepwelewa na sauti. Kinachotakiwa ni pumzi na matamshi.

Anza kila zoezi kwa dakika 10. Mkono tumboni, vuta pumzi mpaka tumbo na mbavu zitanuke huku mabega yametulia. Toa pumzi kwa "sss" hadi hesabu ya 15, kisha 20. Guna ukiwa umefumba midomo mpaka usikie mtetemo puani. Kisha tamka mistari kwa kunong'ona, ukizidisha kazi ya midomo na ulimi, na mwisho kwa sauti ya kawaida.

Kiswahili chenyewe kina mitego yake jukwaani. Tazama "atakuja" na "hatakuja". Tofauti yote ni pumzi moja ndogo ya *h*, na maana imegeuka. Niliwahi kukaa safu ya nyuma nikasikia binti akimwambia mamake "Baba atakuja", nikangoja baba aingie mpaka pazia likafungwa. Skripti ilisema hatakuja, na igizo zima lilisimama juu ya herufi hiyo. Pitia skripti, zungushia penseli kila *ha-* ya kukanusha, na mwigizaji aipe uzito wake, atue kidogo kabla yake ikibidi.

Mtego wa pili ni mwisho wa sentensi. Wengi wetu huishusha sauti tunapomaliza, na neno la mwisho mara nyingi ndilo lililobeba habari: "Aliyeiba ni... " na jina likamezwa. Zoezi lake ni jepesi. Mwigizaji asogeze kidole mbele huku akisema, na asikishushe mpaka silabi ya mwisho imekwisha.

Jipimeni hivi: wanafunzi watatu wakae safu ya mwisho bila skripti, waandike mistari kumi wanayoisikia. Linganisheni na skripti. Karatasi zao zitasema ukweli ambao mwalimu, anayeijua mistari yote kwa moyo, hawezi tena kuusikia. Na kumbuka kwamba ukumbi uliojaa watu hufyonza sauti kuliko ukumbi mtupu. Kinachosikika vizuri kwenye viti vitupu kitapungua siku yenyewe.

Tahadhari: kooni kukiuma au sauti ikikwaruza baada ya mazoezi, mbinu ina kasoro, mpumzishe. Wavulana ambao sauti zao zinavunjika wasilazimishwe kusema juu sana wala chini sana. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu imwone daktari.

## Hatua ya 8: Jenga faili la msimamizi

Ndani ya faili kuna skripti nzima, na kila ukurasa una ukurasa mtupu mkabala wake. Huko zinaandikwa ishara zote: taa kwa namba (Taa 1, Taa 2), sauti kwa herufi (Sauti A, Sauti B), na mstari wa penseli ulionyooshwa hadi kwenye neno lenyewe ambapo jambo hilo linatokea.

Ishara hutolewa kwa hatua mbili. Nusu ukurasa kabla: "Jiandae, Taa 4." Anayehusika anajibu "Tayari". Wakati ukifika: "Taa 4... twende." Mkono unabonyeza kwenye "twende", si kabla. Neno hilo lisitumike kwa jambo lingine lolote nyuma ya pazia.

Kisha meza za vifaa. Tandika karatasi nyeupe juu ya meza, weka kila kifaa mahali pake, kichore ukingo wake na uandike jina ndani: BARUA, FUNGUO, MIWANI. Kifaa kikiondoka, pengo linaonekana kwa mbali. Nilianza kufanya hivi baada ya igizo moja ambapo kijana aliingiza mkono mfukoni kutoa barua iliyokuwa kiini cha mkasa. Barua ilikuwa imebaki kwenye suruali nyingine. Alisimama pale mkono ukiwa mfukoni kwa sekunde nyingi mno, na nilizisikia zote. Hakuwa na kosa. Hakuna aliyekuwa amepewa jukumu la kuhesabu.

## Hatua ya 9: Fanyeni mazoezi ya giza

Tenga kikao kizima, wiki ya 6, bila waigizaji kusema neno. Ni kubadili maonyesho tu.

Orodhesha kila kitu kinachotoka na kinachoingia. Kila kitu kiwe na jina la mtu mmoja. Anayetoa kiti KL aingie na kikapu kutoka KL hiyohiyo. Hakuna safari ya mikono mitupu. Bandika vipande vidogo vya utepe mahali miguu ya meza inapokaa. Fanyeni mara ya kwanza taa zikiwaka, polepole. Kisha mkimbizane na saa. Mwisho, gizani.

Lenga sekunde 20. Zikizidi 30, ondoa kitu kimoja jukwaani. Au msitumie giza kabisa: acha waigizaji wenyewe wabebe viti kwenye mwanga hafifu huku wimbo ukiendelea, wakiwa bado wahusika. Binafsi napenda njia hii ya pili. Hadhira hutazama kwa hamu mambo yanayobadilika mbele ya macho yake.

## Hatua ya 10: Taa, umeme na usalama

Kama mna taa mbili tu, ziweke mbele, moja kulia na moja kushoto, zikimulika kutoka juu kwa pembe ya takriban nyuzi 45. Taa iliyo juu moja kwa moja huyageuza macho kuwa mashimo meusi. Kama hamna taa, igizeni mchana na madirisha yawamulike waigizaji usoni, yasiwe mgongoni.

Gawanya wati kwa volti upate ampea. Kwenye umeme wa volti 230, taa ya wati 1000 hula ampea 4.3 hivi. Tatu pamoja zimeshavuka waya wa nyongeza wa ampea 13. Waya wa kwenye gurudumu ukunjuliwe wote, kwa sababu ukibaki umezungushwa hupata moto. Uliopita sakafuni ubandikwe kwa utepe, pazia likae mbali na taa, na ngazi ishikwe na mtu wa pili.

Visu na mapanga ya kweli hayaingii jukwaani hata yakiwa butu. Mapigano yapangwe hesabu kwa hesabu, kwa mwendo wa polepole, na yarudiwe kila siku kabla ya kuigiza. Milango ya dharura isifungwe wala kuzibwa na mapambo.

Zoezi la kwanza lenye taa na sauti halina uigizaji. Mnaruka kutoka ishara hadi ishara: mistari miwili kabla, ishara, mistari miwili baada, twende mbele. Ishara ikikosewa, irudieni mpaka ikae. Waambie waigizaji mapema kwamba watasimama sana, waje na subira na sweta. Siku inayofuata ni maleba na kila kitu, mwanzo hadi mwisho, bila kusimama hata mambo yakiharibika. Alika darasa moja litazame, maana kicheko cha kwanza humshtua mwigizaji ambaye hajawahi kukisikia. Afundishwe kusubiri kicheko kifike kileleni na kuanza kushuka, ndipo aseme.

## Hatua ya 11: Siku yenyewe

Wote wafike dakika 90 kabla ya igizo kuanza. Msimamizi anaita majina, anahesabu meza za vifaa, anakagua taa na sauti. Mapigano yanarudiwa. Sauti zinapashwa moto. Tangazo linatolewa zikibaki dakika 30, 15 na 5, na kila tangazo linajibiwa kwa kuirudia namba yake, kama "Asante, kumi na tano", ili ijulikane limesikika.

Usitoe maelekezo mapya. Najua utaona kitu, nami huona kila mara. Kiandike na ukinyamazie.

Kisha nenda ukakae safu ya nyuma.

Baada ya pazia, wasitawanyike kabla ya kuhesabu vifaa, kutundika maleba na kubandua utepe wote sakafuni. Msimamizi aandike muda halisi wa kila onyesho kwenye faili, na faili liende kwenye kabati la maktaba likiwa na penseli zake zote. Mwakani kuna mwanafunzi wa kidato cha chini atakayelifungua, na ndilo somo la kwanza utakalompa.